Jiwe la kijivu: ni chokaa au mchanga tu?

Juzi kijana mmoja mkulima wa kakao pale Ngonga alinisimamisha njiani, mkononi ana jiwe la kijivu.

"Afisa, kuna mtu ananiuzia fuso zima la haya. Anasema ukisaga ni chokaa ya shamba, inapunguza tindikali. Nimlipe?"

Nikamwambia asubiri kwanza, tulipime. Tulitumia maji, chupa tupu na siki, basi.

Maji. Ukilisugua kwa kidole, chembe kama mchanga zinatoka. Hilo peke yake halitoshi, maana hata majivu ya volkano ya Rungwe yaliyogandamana yanafanana hivyo. Ila hayo huwa mepesi, na mawe ya volkano yenye vitundu vingi huelea kabisa. Lake lilikuwa zito, likazama.

Chupa. Tukakwaruza kioo nalo, likaacha alama. Jiwe la chokaa haliwezi hilo; ni laini, hata msumari unalikwaruza.

Siki. Tukakwangua unga, tukaumwagia siki. Chokaa hutoa povu. Huu ulikaa kimya.

Jibu: jiwe la mchanga. Wala si ajabu. Huko juu Kiwira na Songwe kwenye makaa ya mawe kuna matabaka yake yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250, na mito huvunja mawe na kuyashusha bondeni. Chembe zake ngumu hazipunguzi tindikali hata usage tani 10.

Angalizo: povu likitoka, usishangilie haraka. Ongeza siki mpaka povu liishe, uangalie kilichobaki. Ukikuta mchanga mwingi, chokaa ilikuwa gundi tu ya kushika chembe, haikulipi kusaga. Pia kuna chokaa inayotoa povu polepole sana, kwa hiyo pima unga, siyo bonge, na uvute subira. Maji ya betri usiguse, yanaunguza.

Na hata ukipata chokaa halisi, usimwage kwa kubahatisha. Peleka kwanza udongo wako ukapimwe TARI Uyole, Mbeya. Kama hauna tindikali kali, hiyo hela nunua miche bora.

Kijana hakulipa. Mawe yale yanafaa msingi wa nyumba, siyo shina la kakao. Na wewe ukiletewa jiwe la namna hiyo, nitafute kabla hujatoa hela.