Burundi: Kwa nini wiki chache za mazoezi huamua mwalimu atakuwa wa namna gani

Kabla ya kukabidhiwa cheti, anayesomea ualimu nchini Burundi hana budi kusimama mbele ya wanafunzi halisi, chaki mkononi na andalio la somo mezani. Nyuma ya darasa humtazama mwalimu mwenye darasa lake, na siku nyingine mkufunzi aliyetoka chuoni. Kipindi hicho, ambacho wengi hukiita staji kwa kufuata Kifaransa, ni sehemu ndogo tu ya miaka ya masomo. Hata hivyo, ndicho kinachojibu swali ambalo mtihani wa chuo hauwezi kulijibu: je, mtu huyu anaweza kumfundisha mtoto?

Jijini Bujumbura, swali hilo lina uzito wake. Madarasa ni makubwa, lugha ya kufundishia hubadilika mtoto akiwa katikati ya safari yake ya shule, na mwalimu aliyesomea somo moja anaweza kujikuta amepewa manne. Hivyo thamani ya mazoezi ya kufundisha haipimwi kwa idadi ya wiki peke yake. Inategemea zaidi mambo mawili: kama darasa la mazoezi linafanana na lile ambalo mwalimu atalikuta baadaye, na kama yupo mtu wa kumweleza kwa dhati kile alichokiona.

Nani huwaandaa walimu?

Burundi ina njia kuu mbili za kuandaa walimu. Walimu wa madarasa ya chini huandaliwa katika shule za ualimu za ngazi ya sekondari, zilizotawanyika nchini kote. Walimu wa madarasa ya juu na wa sekondari huandaliwa hasa na Taasisi ya Elimu ya Ualimu, École Normale Supérieure au ENS, pamoja na Chuo Kikuu cha Burundi kupitia taasisi yake ya ualimu. Vyote viwili viko Bujumbura. ENS ilianzishwa katika miaka ya 1960, ikaunganishwa baadaye na chuo kikuu, kisha ikarejeshwa kuwa taasisi inayojitegemea mwaka 1999.

Jina lenyewe lina historia. Shule ya kwanza iliyoitwa École normale ilianzishwa mjini Paris mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Neno hilo linatokana na Kilatini norma, yaani kipimo cha seremala cha kunyooshea pembe. Wazo lilikuwa kwamba shule hiyo iwe kielelezo cha ufundishaji, na wanaopita hapo wakaueneze mahali pengine. Kutokana na wazo hilo, vyuo vingi vya ualimu duniani vilijijengea kando yake shule ya kufanyia mazoezi. Nchini Tanzania utaratibu huo uliacha alama hata katika majina: zipo shule za msingi jirani na vyuo vya ualimu ambazo hadi leo huitwa tu Mazoezi.

Hatua tatu za kuingia darasani

Katika utaratibu uliorithiwa na nchi nyingi zinazotumia Kifaransa, mazoezi hupita katika hatua tatu. Ya kwanza ni kutazama. Mwalimu tarajali huketi nyuma ya darasa na kuandika anachokiona: namna mwalimu anavyoanza somo, anavyouliza maswali, anavyowarejesha watoto waliopotea njiani. Ni hatua inayodharauliwa, kwa sababu kila mtu aliyesoma shule hudhani anajua darasa likoje. Lakini aliyekaa miaka kumi na miwili upande wa wanafunzi hajawahi kuona kazi ya mwalimu kwa jicho la mwalimu.

Hatua ya pili ni kushiriki. Tarajali husahihisha madaftari, huongoza zoezi fupi, huwasaidia watoto walio nyuma. Ya tatu ni kulishika darasa lote kwa kipindi kizima, kisha kwa siku nzima. Hapo ndipo andalio la somo hupimwa. Somo lililopangwa kwa dakika arobaini na tano linaweza kumalizika kwa dakika ishirini kwa sababu mwalimu alizungumza peke yake. Linaweza pia kukwama katika swali la kwanza, kwa sababu watoto hawakuelewa neno moja.

Baada ya kila somo hufuata mazungumzo ya tathmini. Kwa walioifanya kazi hii kwa muda mrefu, mazungumzo hayo ndiyo moyo wa mazoezi yote. Somo baya likifuatwa na mazungumzo mazuri huacha funzo. Somo zuri lisilozungumziwa huweza kumwacha tarajali bila kujua ni kipi alichokifanya vyema, na kwa hiyo bila kujua akirudie kipi.

Watoto themanini, ubao mmoja

Tarehe 26 Agosti 2005, siku alipoapishwa kuwa rais, Pierre Nkurunziza alitangaza kufutwa kwa ada katika shule za msingi. Watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo wakamiminika shuleni, nchi ikiwa ndiyo kwanza inatoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ilikuwa hatua kubwa ya haki kwa watoto hao. Lakini majengo na walimu havikuweza kuongezeka kwa kasi ile ile. Mfumo wa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana, uliokuwapo tangu miaka ya 1980, ukawa nguzo ambayo shule nyingi zisingeweza kusimama bila hiyo.

Mbinu nyingi zinazofundishwa vyuoni, kama vile kazi za vikundi, maswali kwa kila mtoto na kusahihisha papo kwa papo, zilibuniwa kwa ajili ya darasa la watoto ishirini na tano au thelathini. Katika chumba chenye watoto themanini au zaidi, wanaobanana watatu au wanne katika dawati moja, mbinu hizo hazitumiki kama zilivyoandikwa. Mwalimu hawezi hata kupita kati ya madawati.

Tarajali aliyefanya mazoezi katika darasa dogo lililochaguliwa kwa uangalifu hupata alama nzuri, kisha huduwaa siku ya kwanza kazini. Aliyetupwa katika darasa kubwa bila mwongozo hujifunza jambo baya zaidi: kwamba njia pekee ya kuendesha darasa ni kuandika ubaoni na kuwaamuru watoto wanakili na kuitikia kwa pamoja. Samaki mkunje angali mbichi, na hayo pia ni makunjo. Mazoea ya miezi ya kwanza huweza kudumu miaka thelathini.

Yapo maarifa ya kufundisha darasa kubwa, na yanafundishika. Watoto wanaweza kufanya kazi wawili wawili bila kuondoka kwenye dawati. Majibu yanaweza kuandikwa kwenye vibao vidogo na kuinuliwa juu, ili mwalimu aone kwa mtazamo mmoja ni wangapi wameelewa. Kila siku mwalimu anaweza kusahihisha madaftari ya safu moja tu, kwa zamu. Lakini mambo haya hujifunzwa kwa kuyafanya mbele ya mtu anayeyajua.

Lugha inapobadilika njiani

Mtoto wa Burundi huanza shule akifundishwa kwa Kirundi. Kuanzia mwaka wa tano, lugha ya kufundishia huwa Kifaransa, lugha ambayo watoto wengi hawaisikii nyumbani wala sokoni. Gharama ya mabadiliko hayo ilionekana katika utafiti wa PASEC wa mwaka 2014, uliowapima wanafunzi wa nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Watoto wa Burundi wa madarasa ya awali, waliopimwa kwa Kirundi, waliongoza. Mwishoni mwa shule ya msingi bado walikuwa juu katika hisabati, lakini katika kusoma Kifaransa waliofikia kiwango cha kutosha walikuwa nusu na ushei tu.

Kwa hiyo mwaka wa tano ni kivuko, na mwalimu ndiye mvushaji. Anapaswa kujua ni lini arejee Kirundi ili dhana ieleweke, ni lini ashikilie Kifaransa ili lugha izoeleke, na namna ya kutofautisha mtoto asiyejua hesabu na yule asiyeelewa swali. Ujuzi huo haupatikani katika daftari la nadharia. Hujengeka kwa kuona nyuso za watoto zikibadilika somo likiendelea, na kwa kuambiwa na mwenzako kuwa hukuziona.

Lipo tatizo jingine katika madarasa ya juu. Mageuzi yaliyoanza mwaka 2013 yalirefusha elimu ya msingi hadi miaka tisa na kuyapanga masomo ya miaka mitatu ya mwisho katika makundi. Kundi la lugha linajumuisha Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mwalimu aliyesomea Kifaransa na kufanya mazoezi katika Kifaransa anaweza kutakiwa kushika pia Kiswahili, somo ambalo umuhimu wake umekua tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, wanafunzi wanaweza kumsahihisha mwalimu wao. Katika nyanda za juu za Mugamba, mwalimu huyo huenda ndiye Kiswahili pekee watakachokisikia.

Mwanafunzi au kibarua?

Ubora wa mazoezi hutegemea sana watu wawili ambao hawatajwi mara nyingi. Wa kwanza ni mwalimu mwenyeji, anayetoa darasa lake. Anaombwa amlee mgeni, asome maandalio yake, amtazame na amshauri, huku akibaki na jukumu la mtaala na mitihani. Mwalimu aliyechoshwa na zamu mbili anaweza kwa urahisi kumwona tarajali kama nafuu ya kupumzika. Tarajali huachiwa darasa tangu siku ya kwanza, na hatua mbili za mwanzo zinatoweka. Wa pili ni mkufunzi wa chuo. Akiwa na wanafunzi wengi wa kuwatembelea, katika nchi ambayo miaka ya karibuni imekumbwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya magari, ziara yake inaweza kuwa moja, ya kutoa alama. Somo analoliona siku hiyo huwa limetayarishwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya watoto.

Nchi jirani zimepitia mtihani huo kwa namna zao. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania ilitaka kila mtoto awe shuleni kwa haraka. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza elimu ya msingi walipewa mafunzo kazini: walifundisha sehemu ya siku na kujisomea kwa posta na redio. Watoto wakapata walimu, lakini mjadala kuhusu ubora wa elimu hiyo uliendelea kwa miaka mingi.

Nchini Kenya, tume ya kuajiri walimu ilianzisha mwaka 2019 mpango wa walimu wanagenzi, waliohitimu tayari lakini wanaolipwa posho. Mwezi Aprili 2024 mahakama ya kazi mjini Nairobi iliamua kwamba tume hiyo haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kwa mtindo huo. Hali hizo mbili si sawa na staji ya Burundi, lakini zinagusa mpaka ule ule: anayejifunza akianza kuziba pengo la mwalimu, kujifunza huwa cha kwanza kuachwa.

Nini kinaweza kufanyika?

Burundi haianzi kutoka sifuri. Ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza kujaribu mpango wa IFADEM wa jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, uliowafikia walimu waliokwisha kuwa kazini kwa vijitabu, mikutano ya vikundi na washauri walio karibu nao. Funzo lake linawahusu walimu tarajali pia: mshauri anayefika mara kwa mara ana faida kuliko mkaguzi anayefika mara moja.

Hatua nyingine hazihitaji fedha nyingi. Mwalimu mwenyeji anaweza kupunguziwa kazi kidogo na kutambuliwa rasmi kuwa mlezi. Tarajali wawili wanaweza kupangwa darasa moja, ili mmoja anapofundisha mwingine atazame na wazungumze baadaye hata mkufunzi asipofika. Anayesomea lugha anaweza kutumia sehemu ya mazoezi yake katika lugha ya pili ya kundi lake. Na kwa kuwa shule za Bujumbura ndizo zilizo karibu na vyuo vikubwa, wiki kadhaa zinaweza kutengwa kwa shule za mikoani, ambako wengi wa wahitimu ndiko watakakopangiwa kazi.

Mazoezi ya kufundisha hutofautiana na mazoezi ya fundi kwa jambo moja. Mbao iliyokatwa vibaya hutupwa, ikaletwa nyingine. Watoto wanaokaa mbele ya mwalimu tarajali wanasoma mwaka wa tano kwa mara ya kwanza, na wengi wao kwa mara ya mwisho. Ndiyo maana anayelishika darasa kwa mara ya kwanza anapaswa kuwa na mwalimu mwenzake nyuma ya chumba, mwenye muda wa kutazama na wa kusema alichokiona.