Mwili wa Refa: Utangulizi wa Migusano kati ya Wachezaji na Waamuzi katika Kikapu cha Sekondari Marekani

Huenda umekuja na swali moja tu: mchezaji akimgusa refa, anatolewa au hatolewi? Swali hilo halina jibu la neno moja, na sababu yake ndiyo inayonifanya nilipende somo hili. Si lazima uwe umewahi kupuliza filimbi. Ukijua kwamba kikapu huchezwa na watu watano kwa watano, tunaweza kuanza.

Nazungumzia shule za sekondari za Marekani, ambako mechi huwa ya robo nne za dakika 8 kila moja. Sheria zake huandikwa na shirikisho la kitaifa la vyama vya michezo ya shule, lenye makao yake Indianapolis na linalofahamika kwa herufi NFHS. Kama umecheza UMISSETA, mashindano ya sekondari za Tanzania, au yale ya shule kule Kenya, umezoea sheria za FIBA, shirikisho la dunia. Mengi yanafanana, na pale yanapotofautiana kwa jambo linalotuhusu nitakuambia.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Desemba 1891 huko Springfield, Massachusetts, kwa kanuni 13 za mwalimu James Naismith. Kanuni ya tano ilikataza kumpiga mpinzani kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumkwatua au kumpiga. Waamuzi walikuwa wawili: mmoja aliwaangalia wachezaji, mwenzake aliuangalia mpira. Naismith, aliyejali sana miili isiumizane, hakusema lolote kuhusu mchezaji kumgusa mwamuzi. Waliomfuata ndio walioliziba pengo hilo, na waliliziba kwa namna mbili ambazo mgeni huzichanganya.

Kwanza tushike msingi mmoja. Mpira huwa hai wakati mchezo unaendelea, na huwa mfu baada ya filimbi au baada ya kikapu kufungwa. Faulo ya kawaida, ile inayoitwa faulo ya binafsi, ni mgusano usio halali na mpinzani wakati mpira u hai. Rudia neno hilo: mpinzani. Refa si mpinzani wa mtu. Kwa hiyo mchezaji akimgonga refa, hata kwa kishindo, hawezi kuandikiwa faulo ya aina hiyo. Hapa wanafunzi wangu wengi huduwaa. Kama si mpinzani, ni nani basi?

Jibu la kwanza la sheria ni kwamba refa ni sakafu. Sifanyi mzaha. Mpira ukimgusa mwamuzi, huhesabiwa kana kwamba umegusa sakafu pale aliposimama. Chukua pasi iliyompiga refa mgongoni akiwa ndani ya uwanja: mchezo unaendelea, na timu iliyopoteza mpira haina pa kulalamikia. Pasi hiyohiyo ikimkuta amesimama nje ya mstari, mpira umetoka, na wapinzani wa aliyeugusa mwisho ndio watakaourusha. Mambo ni yaleyale mchezaji anapogongana na refa kwa bahati mbaya. Hakuna faulo na hakuna fidia. Ukimkosa mtu wako kwa sababu refa alikuwa njiani, umemkosa. Ni sheria kali kidogo, lakini mbadala wake ungekuwa kusimamisha mchezo kila mara.

Migongano ya aina hii hutokea zaidi mpira unapogeuka ghafla. Waamuzi wakiwa watatu, mmoja hukaa karibu na mstari wa mwisho chini ya kikapu, wa pili nyuma kuelekea katikati ya uwanja, na wa tatu ubavuni. Mpira ukiporwa, yule wa nyuma anakuwa wa mbele papo hapo, na inambidi akimbilie kikapu cha upande wa pili, mara nyingi kwenye njia ileile anayoifuata kijana mwenye mbio kuliko yeye.

Jibu la pili ni kwamba refa ni mamlaka. Kitabu cha NFHS kinamkataza mchezaji kusema na mwamuzi bila heshima, kumgusa bila heshima, au kutoa ishara ya kuonyesha kinyongo. Tazama yalivyopangwa: neno, mguso na ishara vimewekwa katika kifungu kimoja. Kinachoadhibiwa, basi, ni dharau, na ngozi kugusana na ngozi ni njia mojawapo tu ya kuitoa. Ndiyo maana mchezaji anayemwinua refa aliyeanguka hana kosa, na anayemsogelea huku akimsukuma kwa kifua analo, hata kama msukumo ulikuwa mwepesi.

Adhabu yake ni faulo ya kiufundi, yaani faulo ya mwenendo isiyotokana na kugombea mpira. Timu ya pili hupewa mitupo huru miwili, kisha mpira wa kurusha kutoka katikati ya uwanja. (Hapa ndipo FIBA inapotofautiana: faulo ya kiufundi kwao ni mtupo mmoja.) Kijana akipata ya pili katika mechi hiyohiyo, anatolewa. Mguso ukiwa wa kikatili, refa huutangaza kuwa faulo kubwa, ile inayomtoa mchezaji mara moja bila kungoja ya pili. Mchezaji aliye benchi akimgusa refa kwa dharau, kocha mkuu naye huandikiwa, maana benchi ni dhamana yake.

Sasa tunafika penye ugumu. Nani anaamua kwamba mguso ulikuwa wa dharau? Ni yuleyule aliyeguswa, au mwenzake aliyeona, tena kwa muda wa kupepesa jicho. Vitabu havimpi mizani, lakini mazoezi ya kazi humfundisha maswali ya kujiuliza. Mpira ulikuwa hai au mfu? Anayekimbilia mpira hai ana sababu ya kuwa pale. Aliyevuka nusu ya uwanja baada ya filimbi hana. Angeweza kukwepa? Mikono yake ilikuwa wapi? Alikuwa akitazama nini? Mimi swali hili la mwisho nalipa uzito kuliko yote, ingawa najua baadhi ya waamuzi wazoefu hutazama miguu kwanza.

Usidhani umri mdogo ndio unaoleta shida. Katika majira ya kuchipua ya 1996, wachezaji watatu wa NBA, ligi ya kulipwa, walifungiwa kwa kuwagusa marefa ndani ya wiki chache: Dennis Rodman mechi 6, Nick Van Exel mechi 7, na Magic Johnson mechi 3. Magic alikuwa na umri wa miaka 36, na siku chache kabla alikuwa amemkosoa Van Exel kwa kosa hilohilo.

Mipaka ya wakati nayo ina umuhimu wake. Mamlaka ya waamuzi huanza wanapoingia uwanjani, angalau dakika 15 kabla ya mechi, na hukoma wanapotoka mahali panapoonekana kutoka uwanjani. Kwa hiyo kumsukuma refa baada ya king'ora cha mwisho, wakati bado anatembea kuelekea mlangoni, ni faulo ya kiufundi kamili, na mitupo huru hupigwa ikiwa inaweza kubadili matokeo, hata kama wazazi wameshasimama kuondoka. Akishapita mlango, filimbi yake haina nguvu tena na shauri huenda kwa chama cha michezo cha jimbo, ambacho kinaweza kumfungia mchezaji. Majimbo kadhaa yana pia sheria ya jinai inayomlinda mwamuzi: California, kwa mfano, kumpiga refa kwa sababu ya kazi yake kunaweza kuleta faini ya hadi dola 2,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja jela, au vyote viwili. Kuanzia hapo, msomaji wangu, mwalimu wako awe mwanasheria.