Uji wa Oti na Tumbo la Mtoto

Siku hizi wengi wenu mkija kliniki huniuliza: "Sista, ni kweli oti inasafisha tumbo la mtoto?"

Oti haisafishi tumbo kama sabuni isafishavyo sufuria. Kazi yake ni nyingine. Ndani ya utumbo mpana, wako na wa mtoto, wanaishi bakteria wengi wasiohesabika. Usiogope jina hilo. Wengi wao ni wapangaji wema. Chakula chao kikuu ni nyuzinyuzi, yaani sehemu ya chakula ambayo tumbo letu haliwezi kuimeng'enya. Oti ina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, na ndizo zinazofanya uji wake uwe na utelezi. Zinapita utumbo mwembamba zikiwa nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria huzichachua, kama unga wa uji unavyochachuka ukilazwa usiku. Katika kuchachua hutoa gesi na asidi. Asidi mojawapo, butirati, ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo huo. Nyuzinyuzi pia hushika maji, choo kikawa laini na kikatoka bila mtoto kulia.

Basi mtoto akianza oti leo, kesho tumbo likanguruma na akatoa hewa, usishtuke. Anza na vijiko vichache, ongeza polepole kwa wiki moja au mbili, na umpe maji safi ya kunywa. Nyuzinyuzi bila maji zaweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi.

Lakini mama, usiuze kuku ili ununue oti. Ni kweli gramu 100 za oti kavu zina takriban gramu 10 za nyuzinyuzi. Hata hivyo wimbi, maharagwe, ndengu, sukuma wiki na unga wa mahindi usiokobolewa pia huwalisha bakteria hao, nao hawasomi jina kwenye pakiti. Wanachopenda ni vyakula vya aina mbalimbali. Ukinunua oti, chagua isiyotiwa sukari, kisha uongeze ndizi mbivu iliyopondwa.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe oti wala uji wowote. Anyonye tu. Maziwa yako yana sukari za aina ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria wema wa tumboni mwake. Kumbe umekuwa ukiwalisha siku zote.

Liko jambo linaloniudhi: kukimbilia antibiotiki za dukani kila mtoto anapohara, bila kupimwa. Dawa hizo huua hata bakteria wema, wala hazitibu kuhara kunakoletwa na virusi. Mtoto anayehara anahitaji ORS na zinki, huku akiendelea kunyonya na kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, anatapika kila kitu au ameshindwa kunyonya, usingoje uji ufanye kazi. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyefunga choo na tumbo lake limevimba. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, na kama anahara, mnyweshe ORS kidogo kidogo mkiwa njiani.