Kufutwa Kazi: Uwezo wa Mwajiri na Haki za Mfanyakazi

Muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi anafika kazini Jumatatu asubuhi na kuambiwa mlangoni: "Usiingie. Pesa zilipungua Jumamosi." Anarudi nyumbani bila barua, bila malipo ya siku alizofanya kazi, na bila kupewa nafasi ya kujieleza. Wengi wanaofanyiwa hivyo huamini kwamba neno la mwajiri ndilo la mwisho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haisemi hivyo.

Mwajiri anaruhusiwa kufanya nini?

Sheria haimzuii mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendakazi duni au kushindwa kufanya kazi kutokana na hali ya mwili. Lakini kabla ya kuamua, ni lazima amweleze mfanyakazi sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, kisha asikilize utetezi wake. Mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mfanyakazi mwenzake, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, katika kikao hicho.

Kuna makosa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo bila notisi, kama vile wizi wa mali ya mwajiri, ulevi kazini, matusi au kukosa kufika kazini bila ruhusa. Hata hapo, haki ya kusikilizwa haiondoki. Muuzaji wa duka letu alipaswa kuulizwa kuhusu pesa hizo kwanza.

Ujauzito, kwenda likizo halali, kujiunga na chama cha wafanyakazi au kumlalamikia mwajiri si sababu halali za kumfuta mtu kazi.

Malipo na stakabadhi

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au malipo ya siku hizo, isipokuwa mkataba wake unataja muda mrefu zaidi. Hata aliyefutwa papo hapo ni lazima alipwe pesa zote alizokuwa amefanyia kazi hadi siku hiyo. Mwajiri pia anatakiwa kumpa cheti cha utumishi, ikiwa alifanya kazi kwa majuma 4 mfululizo au zaidi.

Je, vibarua?

Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kisheria kama mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, hata kama bado analipwa kila jioni. Naye pia anastahili notisi.

Ukosefu wa mkataba wa maandishi haumwondolei mtu haki zake. Kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, na kesi ikifika mahakamani, yeye ndiye anayepaswa kuthibitisha masharti ya kazi yaliyokuwepo.

Pa kupeleka malalamishi

Aliyefutwa kazi kinyume cha sheria anaweza kuwasilisha malalamishi kwa afisa wa leba, ambaye ni mtumishi wa Serikali ya Kitaifa. Hahitaji wakili. Anaweza pia kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina uwezo wa kuamuru alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, au arudishwe kazini.

Ni vyema kubeba chochote kinachoonyesha uhusiano wa kazi: ujumbe wa malipo ya simu, kitambulisho cha kazi, sare, daftari la mahudhurio au majina ya wafanyakazi wenza. Tarehe ya kufutwa nayo iandikwe mapema, kwa sababu malalamishi kwa afisa wa leba yanapaswa kufikishwa ndani ya miezi 3 tangu siku hiyo. Wengi hupoteza haki yao wakingoja mwajiri apunguze hasira na kuwaita tena.