Protini chambo ya maabara: Kwa nini si ya kujidunga

UKIFUNGUA friza ya maabara inayotafiti kinga ya mwili, huenda ukapata kichupa chenye unga mweupe, mchache hivi kwamba utadhani hakina kitu. Lebo yake husema: kwa utafiti pekee, si kwa matumizi ya binadamu.

Ajabu ni kwamba kilichomo hata wewe unacho mwilini. Ni kipokezi cha saitokini.

Saitokini ni meseji ambazo seli za kinga hutumiana. Mojawapo ni TNF, ambayo huamsha kinga viini vinapovamia. Kipokezi nacho ni kama simu inayopokea meseji hiyo. Hukaa kwenye ngozi ya seli, sehemu moja nje, nyingine ndani.

Ile sehemu ya nje ikiwa peke yake, inakuwa chambo. TNF inanaswa hapo, lakini hakuna seli ya kusoma ujumbe. Ni sawa na kutext simu ambayo mwenyewe hayupo.

Na kwani hutolewa kwa nani? Si kwa mtu yeyote. Jeni ya binadamu yenye maagizo ya kipokezi hupachikwa kwenye seli nyingine, mara nyingi za ovari ya hamsta wa China. Seli hizo hukuzwa kwenye matangi, zikatoa protini, nayo ikachujwa na kusafishwa.

Kuna njia ya kujua kama inafanya kazi. Seli za panya ziitwazo L929 hufa zikiwekewa TNF pamoja na kemikali ya aktinomaisini D. Ukiongeza kipokezi, nyingi hunusurika.

Wazo hilo hilo limezaa dawa. Etanercept, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1998 kutibu ugonjwa wa viungo unaosababishwa na kinga kuushambulia mwili, ni sehemu mbili za nje za kipokezi cha TNF zilizounganishwa na kipande cha kingamwili.

Lakini TNF si adui. Husaidia kujenga ukuta unaofungia viini vya TB vilivyolala mapafuni. Ukiizima, ukuta hulegea na TB inaweza kuamka. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa TB kabla ya kuanzishiwa dawa hiyo. Hapa Kenya, ambako TB bado inasumbua, hilo si jambo la mzaha.

Sasa tazama mitandaoni, ambako watu wa gym huuziwa vichupa vya peptidi vyenye lebo ya 'utafiti pekee'. Si lazima ziwe vipokezi, lakini onyo ni lile lile. Dawa hupita majaribio kwa watu, dozi ikajulikana na madhara yakaandikwa. Kichupa cha maabara hakikutengenezewa mshipa wako, na anayekuuzia hatakuuliza kama una TB iliyolala.

Kwa hivyo bana, ukiona lebo hiyo, iamini jinsi ilivyoandikwa.