KALAMU ZA MBAO: Faida imo katika hesabu ya mikono ya vanishi

Na Mwandishi Wetu, Fumba

Mfanyabiashara anayetafuta bidhaa ndogo, nyepesi na isiyooza ya kumwuzia mgeni anayerudi kwao, hana haja ya kwenda mbali. Kalamu ya mbao iliyokerezwa huingia mfukoni, haivunjiki ndani ya begi, na hubeba jina la Zanzibar mpaka ofisini kwa aliyeinunua. Wageni waliofika Visiwani mwaka 2023 walizidi 638,000, na mwaka 2024 walizidi 736,000. Wanunuzi wapo. Jambo linaloweza kumkwamisha mwenye mtaji mdogo haliandikwi hata katika daftari la mauzo, nalo ni idadi ya mikono ya vanishi iliyopita juu ya kila kalamu.

Wiki hii ukurasa wetu unaiangalia hesabu hiyo kwa jicho la biashara. Tumeichagua Fumba kwa sababu mbili. Kwanza, ni mojawapo ya maeneo huru ya uchumi yaliyotengwa Zanzibar katika miaka ya 1990, na leo mji mpya unajengwa pale pamoja na ofisi na maduka yake. Pili, ni pwani ya vyombo, ambako mbao na kinga yake si habari ngeni. Mwenye jahazi anajua kuwa ubavu wa chombo hupakwa sifa na chini hupakwa deheni, na anajua ilipakwa lini mara ya mwisho. Asiyeweka kumbukumbu hiyo huja kuulizwa na maji. Kalamu nayo ina mwulizaji wake, na huyo ni jasho la mkono wa mnunuzi.

MBAO NA SHERIA YAKE

Mpingo ndio unaovutia zaidi. Ni mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, na hukerezwa ukang'aa. Unatoka bara, hasa mikoa ya kusini. Misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009, na mnunuzi wa Ulaya hupenda kuuliza habari za namna hiyo. Mti huu hukua polepole mno, hivyo vipande vidogo vinavyobaki kwa wachongaji na wapasuaji ni mali ya kutunzwa. Kwa kalamu, kipande cha urefu wa kiganja kinatosha.

Msafirishaji akumbuke kwamba tangu Januari 2017 ukoo mzima wa mpingo umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES. Tangu Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena moja zimeondolewa katika masharti ya mkataba huo. Mbao ya kalamu moja ni gramu chache tu, kwa hiyo kilo 10 ni mamia ya kalamu. Hata hivyo, hilo halimwondolei mtu wajibu wa kuwa na risiti na vibali vya ndani vya mbao yake.

Mbali na mpingo, kuna msaji, mfenesi, mwembe na mnazi. Mnazi uliokomaa una michirizi ya kupendeza, lakini nyuzi zake hunyonya vanishi kuliko mpingo. Maana yake ni kwamba idadi ya mikono haiwezi kuwa moja kwa mbao zote.

KWA NINI MIKONO HUPOTEA

Kalamu hutengenezwa kwa kutoboa kipande cha mbao, kugandisha mrija wa shaba ndani yake, kisha kukikereza kati ya bushi mbili mpaka unene ulingane na vyuma vya kalamu. Baada ya msasa huja vanishi. Mafundi wengi hutumia supagluu nyembamba, inayopakwa kwa karatasi huku mashine ikizunguka. Wengine hutumia shelaki, yaani utomvu wa wadudu kutoka India unaoyeyushwa kwa spiriti. Shelaki ni jamaa ya ile dawa inayong'arisha samani zilizokerezwa za Sankheda kule Gujarati. Wapo pia wanaotumia vanishi ya mafuta au ya kupuliza.

Zote hizi zina tabia moja: hazina rangi. Mkono wa 4 na mkono wa 5 havitofautiani kwa macho. Fundi akiitwa simu, akienda kusali, umeme ukikatika au zamu ikibadilika, akirudi hajui alipofikia. Hapo hubahatisha, na kubahatisha kuna hasara pande zote mbili.

Mikono ikipungua, msasa wa mwisho hutoboa mpaka kwenye mbao, hasa kwenye ncha. Jasho huingia na kalamu hufifia. Mikono ikizidi, mbao hunenepa kupita chuma, na kidole hugusa ngazi pale vinapokutana. Fundi mzoefu hukereza mbao iwe nyembamba kidogo kuliko bushi, ili vanishi ijaze nafasi iliyobaki. Kwa hiyo idadi ya mikono ni sehemu ya kipimo cha kalamu yenyewe, wala haihusu mng'ao peke yake.

Tuchukue mfano. Kalamu ya kawaida ya kuzungusha ina vipande viwili vya mbao. Kalamu 24 ni vipande 48. Kila kimoja kikihitaji mikono 8, jumla ni mikono 384. Hakuna kichwa cha binadamu cha kuhifadhi hesabu hiyo huku mikono ikifanya kazi nyingine.

HESABU YA SHILINGI

Bei zifuatazo ni za mfano, kila msomaji aweke zake. Tuseme hoteli imeagiza kalamu 50 kwa Sh 12,000 kila moja. Vyuma vya kalamu ni Sh 4,000, mbao Sh 500, vanishi na msasa Sh 500, ufundi Sh 3,000. Gharama ya kalamu moja ni Sh 8,000. Mauzo ni Sh 600,000, gharama Sh 400,000, na faida Sh 200,000.

Sasa kalamu 10 zirudishwe kwa sababu vanishi yake haifanani na wenzake. Kuifungua kalamu iliyokwisha kushindiliwa mara nyingi huharibu vyuma vyake. Kama mbao itaokolewa, kila kalamu itadai vyuma vipya, vanishi na ufundi, yaani Sh 7,500. Kwa kalamu 10 ni Sh 75,000, na faida imeshuka hadi Sh 125,000. Hoteli ikikataa kungoja na kulipia kalamu 40 tu, mapato ni Sh 480,000 na faida ni Sh 80,000. Mtu ameuza asilimia 80 ya mzigo lakini amebaki na asilimia 40 ya faida.

Upande wa kuzidisha nao una bei yake. Fundi mwenye wasiwasi akiongeza mikono 2 "kwa usalama" juu ya vipande 100, hiyo ni mikono 200. Kila mkono ukichukua dakika 2, zimepotea dakika 400, ambazo ni saa 6 na dakika 40. Hiyo ni karibu siku nzima ya kazi isiyolipwa na mtu yeyote.

NJIA NNE ZA KUWEKA HESABU

Kwanza, karatasi za kuhesabu. Kabla ya kuwasha mashine, fundi hukata vipande vya karatasi laini sawasawa na idadi ya mikono inayotakiwa. Kila mkono hutumia karatasi moja, na iliyotumika hutupwa mbali na zile safi. Karatasi zikiisha, kazi imekwisha. Njia hii haigharimu kitu, na inafaa sana kwa supagluu, kwani karatasi iliyotumika hukakamaa na haiwezi kurudiwa.

Pili, komwe. Kila anayecheza bao anazo. Weka komwe 8 katika kibakuli cha kushoto. Ukimaliza mkono mmoja, hamisha komwe moja kwenda kulia. Ukiitwa nje, vibakuli vinakusubiri. Sharti ni kuhamisha baada ya kupaka, wala si kabla, na utaratibu huo usibadilishwe hata siku moja.

Tatu, ubao wa misumari. Huu ni wa mzigo mkubwa unaopakwa kwa pamoja, kama wa shelaki au vanishi ya mafuta. Ubao hupigwa misumari kwa safu, na kila safu huandikwa namba ya mkono. Kipande kikipakwa, husogezwa safu moja mbele na kuachwa kikauke hapo. Mwenye karakana akipita asubuhi, huona kwa mtazamo mmoja vipande vingapi viko mkono wa 3 na vingapi viko wa 6, bila kumwuliza mtu.

Nne, kadi ya mzigo. Hii ndiyo ya biashara hasa. Huandikwa aina ya mbao, aina ya vanishi, tarehe, namba ya kila mkono, saa ulipopakwa, hali ya hewa na alama ya aliyepaka. Mzigo ukilalamikiwa miezi mitatu baadaye, kadi husema kilichotokea. Mzigo ukisifiwa, kadi huwezesha kuurudia vilevile. Pamoja na kadi, hifadhiwe kipande kimoja cha kielelezo, na unene upimwe kwa kaliba mwanzo na mwisho.

HEWA YA PWANI

Mtu wa Fumba asinakili idadi ya mikono kutoka nchi kavu. Supagluu hukauka kwa msaada wa unyevu, hivyo hapa huganda upesi, na mkono ukipakwa mnene huweza kufanya weupe. Shelaki na vanishi ya kupuliza nazo hupata ukungu mweupe zikipakwa siku yenye unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Vanishi ya mafuta huchelewa kukauka.

Mpingo una la ziada. Mafuta yake ya asili huzuia vanishi ya mafuta isikauke vizuri. Dawa yake ni kuifuta mbao kwa spiriti, kisha kuanza na mkono mmoja mwembamba wa shelaki. Mkono huo nao uandikwe katika kadi, kwa sababu ndio unaosahauliwa kuliko yote. Aidha, chumba kiwe na hewa ya kupita. Moshi wa supagluu huumiza macho na kifua, na spiriti ni adui wa moto.

MWENYE MTAJI AFANYE NINI

Anayetaka kuweka fedha katika karakana ya namna hii, au kununua kwa jumla ili auze Mji Mkongwe, asiridhike na mng'ao wa kalamu moja mezani. Kalamu ya kuonyesha siku zote ni nzuri. Aombe kalamu 5 zilizotolewa bila kuchagua kutoka mizigo miwili tofauti. Apitishe ukucha pale mbao inapokutana na chuma. Aziinamishe kwenye mwanga wa dirishani atafute madoa yaliyofifia. Kisha aulize swali moja: hizi zimepita mikono mingapi? Fundi akijibu "kama saba, nane hivi", bei ijadiliwe upya. Akifungua droo na kutoa kadi, hapo kuna mtu wa kufanya naye biashara.

Kwa upande wa fundi, kadi ni silaha ya kudai bei. Mnunuzi wa hoteli hulipia uhakika kwamba kalamu ya 50 itakuwa sawa na ya kwanza, na kwamba agizo la mwakani litafanana na la mwaka huu. Mwenye kutaka ushauri wa uzalishaji na ufungashaji anaweza kuuliza SMIDA, wakala wa viwanda vidogo na vya kati wa Zanzibar. Maonyesho ya biashara ya kila Januari nayo ni mahali pa kupimia bei kabla ya kununua mashine ya pili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kalamu za mbao, daftari hilo huanza kabla ya kalamu ya kwanza kuuzwa, kwa komwe 8, vibakuli viwili na kipande cha kadi. Gharama yake haifiki bei ya kalamu moja.