Nyati Hangoji Siku ya Tatu

Kiangazi kikikaza na nyasi kukauka huko juu milimani Itombwe, wachungaji huteremsha ng'ombe hadi bonde la Ruzizi, upande wetu wa Luberizi. Watazame wakinywa maji, pua kwa pua. Yule aliyenona, manyoya yakimeremeta, huenda ndiye mwenye kifua kikuu. Bakteria wa ugonjwa huo, Mycobacterium bovis, anaweza kukaa mwilini miaka bila kumkondesha ng'ombe. Huenea kwa pumzi, na kwa binadamu hupitia zaidi maziwa yasiyochemshwa.

Porini kuna shida zaidi. Katika mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda, inayopakana na Virunga yetu ya Kongo, M. H. Woodford aliandika mwaka 1982 kuhusu ugonjwa huu kwa nyati na ngiri. Mwaka 2005 daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka na wenzake walitoa matokeo ya nyati waliopimwa damu: takriban mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za maambukizi. Kipimo chao kilihitaji damu yenye chembe zilizo hai bado, kwa hiyo ilibidi iwahishwe maabara. Kipimo cha ngozi nacho humtaka mnyama achomwe sindano, kisha akaguliwe uvimbe baada ya saa 72. Nyati ukishamlaza kwa mshale wa dawa ya usingizi, akiamka ameondoka zake.

Kwa shida kama hiyo, watafiti wa Ulaya na Marekani, wanaohangaika na kulungu wa kwao, waligeukia kingamwili. Hizi ni protini ambazo mwili huzitengeneza kumkabili adui, nazo hubaki ndani ya seramu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe, hata ikigandishwa. Tone la seramu hudondoshwa kwenye kijikaratasi kilichopakwa protini za bakteria, mojawapo ikiitwa MPB83. Kingamwili zikiwepo hunaswa hapo, na baada ya dakika 20 hivi mstari hujitokeza.

Mstari usipojitokeza, usiseme mnyama ni mzima. Dhidi ya kifua kikuu mwili hutanguliza chembe zake za kinga. Kingamwili huja baadaye, mara nyingi ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Kwa kuwa majibu yake hayaaminiki, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri vipimo vya kingamwili visitumike kutambua kifua kikuu cha watu. Mtu anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi.

Kwa nini basi kipimo hicho kikubaliwe porini? Kwa sababu swali si lile lile. Daktari anauliza: huyu anaumwa? Mtafiti anauliza: ugonjwa umeingia katika kundi hili? Tuseme kipimo kinawanasa nusu tu ya wagonjwa. Kwa mnyama mmoja ni bahati nasibu. Lakini ukiwapima kumi walioambukizwa, uwezekano wa kuwakosa wote ni 1 kati ya 1,024. Mimi hesabu hiyo inanitosha kuanza kazi, mradi wale waliotoa mstari wathibitishwe kwa kuotesha bakteria maabara, maana mstari nao hukosea.

Ng'ombe wa Luberizi hawahitaji kubahatishwa hivyo. Jioni wanarudi zizini. Ukimchoma mmoja sindano ya ngozi shingoni leo, siku ya tatu utamkuta pale pale, umpime uvimbe.